Programu za kukuza sauti ya klipu: sikilizeni kimya kwanza

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale: mtu kanunua programu, klipu imepanda kweli, ila sasa feni inasikika kuliko mzungumzaji. Kwa hiyo habari za mwonekano na wingi wa vitufe naziacha. Nauliza moja tu: mzungumzaji akivuta pumzi, panasikika nini?

Ukipandisha rekodi desibeli 10, mvumo wa chumba nao unapanda desibeli 10. Kompresa ndiyo huharibu zaidi. Inabana maneno makali, halafu inainua kila kilichobaki. Mtu akinyamaza mvumo unafura, akisema unanywea. Kwenye spika ya simu hutaugundua, vaa hedifoni. Tena jaribu kwa klipu yako mbaya kuliko zote, usisikilize maneno, sikiliza mianya ya katikati.

Kwa kipimo hicho ya kwanza ni RX ya iZotope, na sifichi kwamba naipendelea. Inakuchorea sauti kama picha: mvumo wa umeme wa hezi 50 au 60 unauona umelala mstari mmoja, unaufuta, sauti ya mtu inabaki. Hata neno lililopasuka kwa sababu maikrofoni ilizidiwa, zana yake ya De-clip hukadiria vilele vya sauti vilivyokatika na kuviunda upya. Kuongeza sauti peke yake hakuwezi kufanya hivyo hata siku moja. Kwa klipu za maneno matupu Elements, toleo dogo, linatosha. Advanced, toleo kubwa, waachieni wanaosafisha filamu.

Auphonic ni ya pili. Unapakia faili mtandaoni, unachagua kiwango, mfano LUFS -16 kwa podikasti, yenyewe inasawazisha na kupunguza mvumo. (LUFS hupima ukubwa wa sauti kwa namna sikio linavyousikia, matangazo ya Ulaya hulenga -23.) Saa mbili kila mwezi ni bure. Mianya yake ni safi, ila uhuru wa kurekebisha ni mdogo.

Enhance Speech ya Adobe naiweka ya tatu, na najua wengi watanuna. Kimya chake ni kimya kweli, kimekufa kabisa, na mtu akisema kwa kumung'unya inaweza kutoa silabi ambazo hakuzitamka.

Huna hela? Audacity, bure tangu 2000. Ionyeshe sekunde chache za mvumo mtupu, iupunguze kidogo, ndipo upandishe sauti.

Sasa wauzaji. Klipu zao za mfano zina mvumo mpole usiobadilika, ambao programu yoyote inauweza. Pikipiki inayopita au mwangwi wa chumba kitupu hutausikia humo. Halafu kuna malipo ya kila mwezi kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka, na lile punguzo "linaloisha usiku huu" ambalo kesho liko pale pale. Wanaoficha kitufe cha kusitisha malipo, hata wawe na mianya safi namna gani, kwenye orodha yangu hawaingii.