Uzio wa kukodi: lori lilipangwa vizuri, vibano vikapungua

Nilikodi uzio wa muda wa mita 140 kufunga pande tatu za saiti. Upande wa nne kuna ukuta wa jirani. Jina la kampuni naliacha.

Paneli zenyewe hazina maajabu: wavu wa chuma, upana mita 3.5, jumla 40, mbili zimepinda kidogo. Aliyenifurahisha ni dada anayepanga magari. Siku moja kabla alinipigia simu: lango lina upana gani, kuna nyaya za umeme juu ya mahali pa kushushia, ardhi ni kifusi au imeshindiliwa, mzigo umwagwe pamoja au ugawanywe? Nilidhani ananipotezea muda. Asubuhi lori likaja na winchi yake, vitalu vya zege vya kusimamishia paneli vimekaa mkiani peke yake. Aliyewahi kuletewa vitalu vimelaliwa na paneli atanielewa: husimamishi hata moja mpaka ushushe zote. Dereva akazunguka, akaacha fungu kila upande, na vijana wangu wanne wakamaliza kabla ya saa sita mchana.

Nilitaka pia kufunga neti ya kijani kuzuia vumbi. Dereva akatikisa kichwa: "Bosi, neti bila miguu ya kuegemeza nyuma ni tanga hilo, upepo unaangusha." Miguu haikuwemo kwenye oda yangu, nikaongeza.

Sasa vibano, vile vya kuunganisha paneli na paneli. Paneli 40 kwa mstari mmoja zina viungo 39, na kila kiungo kinataka viwili, cha juu na cha chini. Kikiwa cha juu tu, mtu ananyanyua paneli na kupita. Hiyo ni 78. Kwenye mfuko wa vibano nilikuta 60, na karatasi ya mapokezi nilikuwa nimeshasaini. Hapo kosa ni langu. Vilivyopungua vililetwa kesho yake. Usiku ule tulifunga kwa waya wa kufungia nondo, na mlinzi hakusinzia.

Kuondoa uzio ndiko kulikoniudhi. Kuleta walifika kwa saa waliyosema. Kuchukua walikuja siku ya tano baada ya kuwaambia tumemaliza, na kodi inahesabiwa mpaka lori lifike. Bahati niliwaandikia ujumbe, sikupiga simu tu. Walipouona wenye tarehe, wakakata siku nne. Ya tano bado tunabishana.