Kipimo cha "kwantamu" Mtwara mjini: kiyoyozi kipo, kwantamu sijaiona

Naandika hii kwa ndugu zangu wa Mtwara, Mikindani, Newala na Masasi, maana hela ya korosho ikishaingia tu haya maduka ya kupima mwili mzima yanachipuka kila kona. Hili la kwangu silitaji jina, sitaki kesi, ila haliko mbali na soko kuu na bango lake limeandikwa KWANTAMU (quantum, yani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama elektroni) kwa herufi kubwa kuliko jina la duka lenyewe. Nilimsindikiza mjomba. Goti linamsumbua, ndo kwanza kalipwa na chama cha msingi, kasikia kwenye gari la matangazo kwamba kuna mashine inasoma mwili wote kwa dakika moja bila kutoa damu, sasa mjomba mwenye hela mfukoni utamzuia wewe nani.

Mazuri kwanza. Binti wa mapokezi ana adabu, mjomba kaamkiwa vizuri kapewa kiti na maji ya baridi ya bure, foleni fupi, na kiyoyozi kinapiga kweli kweli, kwa joto la huku mwezi wa kumi na moja hicho peke yake unaweza kukilipia. Kipimo 20,000.

Sasa hicho kipimo. Unapewa kifimbo cha chuma unakishika mkononi, waya wake unaingia kwenye kiboksi, kiboksi kinaingia kwenye laptopu kwa USB. Mi ni fundi simu, macho yangu yanaangalia waya kabla ya kuangalia mtu, na nilichoona ni waya mmoja kwenye mkono mmoja, mkono wa pili wa mjomba uko huru unakuna goti. Multimita yangu ya bei rahisi kabisa ina waya mbili na inapima betri tu! Kabla ya yote binti anajaza jinsia, umri, urefu na kilo, afu kwenye skrini yanazunguka mapicha ya ini na ubongo yenye rangi rangi, printa inaanza kutema makaratasi: ini, figo, kongosho, mishipa, mpaka zinki. Mjomba akaambiwa kongosho limechoka. Goti halikutajwa popote.

Nikaomba arudie pale pale, mtu yule yule, kifimbo kile kile. Karatasi ya pili kongosho limepona, sasa zimechoka figo. Nikamuita bosi wao, wanamwita dokta, akaja anacheka akaniambia kijana hiyo ndo kwantamu yenyewe, ukipima kitu unakibadilisha, ndo maana majibu hayafanani.

Hilo jibu ndo limenifanya niandike, maana nusu yake ni kweli na ndo nusu inayouza dawa. Form six nilipiga PCM (fizikia, kemia na hesabu) na haya mambo nayafuatilia mpaka leo. Ni kweli kwamba kwenye dunia ya vitu vidogo, elektroni, fotoni (chembe za mwanga), atomu, kabla hujapima huwezi kusema kitu kina jibu moja lililokaa tayari linakusubiri. Max Born mwaka 1926 ndo alisema zile hesabu za mawimbi za mwanafizikia mwenzake Schrödinger zinakupa uwezekano tu, hazikwambii elektroni itatua wapi. Mwaka 1989 Wajapani wakiongozwa na Tonomura walirusha elektroni moja moja kwenye kifaa chenye njia mbili za kupita, kila moja inapiga kidoti kimoja kwenye skrini bila mpangilio wowote, afu vidoti vikishakuwa maelfu inatokea michirizi kama ya mawimbi yaliyokutana, yani kila moja ilisafiri peke yake lakini kwa namna fulani "ilijua" njia zote mbili. Na ukiweka kifaa cha kukamata imepita njia ipi, michirizi inapotea. Hiyo sio hadithi, michirizi hiyo imeonekana mpaka kwa molekuli kubwa za kaboni zenye atomu 60, Vienna, 1999.

Lakini dokta kasahau sehemu moja. Ukishapima elektroni ukapata mzunguko wake (wanauita spini) uko juu, ukipima tena hapo hapo kwa mwelekeo ule ule unapata juu. Sio labda, ni juu. Bahati nasibu iko kwenye jibu la kwanza, au ukipima kwa mwelekeo mwingine katikati. Kwa hiyo mashine inayokupa kongosho halafu figo ndani ya dakika tano haifuati kwantamu, inapingana nayo. Na hii fizikia sio ya kubabaisha, usumaku wa elektroni uliokokotolewa kwa hesabu na uliopimwa maabara vinakubaliana kwa zaidi ya tarakimu kumi, hamna mizani ya korosho imewahi kukaribia hapo.

Kituko cha pili: kuna huduma ya mbali. Unatuma picha kwa WhatsApp, uko Newala, unapimwa ukiwa huko huko, 30,000 (yani ya mbali ni ghali kuliko ya kushika kifimbo). Eti chembe zimeungana popote zilipo. Huu muungano, yani chembe mbili zilizotengenezwa pamoja majibu yao yanaendana hata zikiwa mbali, nao upo kweli na ndo uliomnyima Einstein usingizi, mwaka 1935 yeye na wenzake wawili waliandika kwamba hapa lazima kuna kitu kinakosekana. Ye alionaje? Chukua pea ya kandambili, moja weka kwenye mfuko upeleke Newala, nyingine Masasi, mtu wa Newala akifungua akakuta ya kulia anajua papo hapo Masasi kuna ya kushoto, hakuna muujiza, majibu yalikuwa mfukoni toka mwanzo. Mwaka 1964 John Bell akaja na hesabu ya kulipima hilo, mwaka 1969 Clauser na wenzake wakaiweka kwa namna ya kupimika maabara: kama mambo yanaenda kwa kandambili kuna namba fulani haiwezi kuvuka 2, kwa kwantamu inafika mpaka 2.83 hivi. Wakapima, Clauser 1972, Aspect 1982, Zeilinger na wengine baadae, mpaka huo ukavukwa, na hao watatu wakapewa Nobeli 2022. Maana yake aidha majibu hayakuwa mfukoni, au vitu vya mbali vinagusana kwa namna ambayo hatujazoea. Mpaka leo wanafizikia wenyewe kwenye hesabu wanakubaliana, kwenye tafsiri yake wanabishana, kuna wa Bohr wanaosema kabla hujapima usiulize kitu kikoje, kuna wa Everett tangu 1957 wanaosema kila jibu linatokea kwenye dunia yake. Mi binafsi Everett hanishawishi lakini namheshimu.

Sasa rudi kwenye picha ya WhatsApp. Mwaka 2017 Wachina walitumia setilaiti yao ya Micius kugawa fotoni zilizoungana kwenye vituo viwili vilivyoachana kilomita 1,200, zaidi ya mara mbili ya Mtwara mpaka Dar. Setilaiti ilikuwa inatengeneza pea milioni 6 hivi kwa sekunde na zilizopokelewa chini ni karibu pea MOJA kwa sekunde. Hapo ni setilaiti ya mamilioni ya dola. Na hata ukizipata huwezi kutumia muungano huo wenyewe kupeleka ujumbe, hata herufi moja, seuze habari za figo za bibi.

Afu kuna kidani. 65,000, cheusi, eti kina nishati ya kwantamu na "mwangalizi ndiye anayeumba uhalisia" kwa hiyo ukikivaa ukawaza afya unapata afya. Mwangalizi kwenye fizikia sio lazima awe mtu wala awe na akili, molekuli moja ya hewa ikigonga elektroni inatosha kuharibu ile michirizi. Mwilini kwetu kuna joto na atomu zinagongana muda wote, ndo maana goti halipo sehemu mbili kwa mpigo. Na hivi vidani kuwa makini, mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitangaza bidhaa kumi za aina hii, vidani na bangili za watoto zikiwemo, zinatoa mionzi na watu waache kuzivaa. Cha humu dukani sikukipima, lakini shingoni kwa mjomba hakikai.

Kinachoniuma ni kwamba kwantamu ya kweli mle ndani ilikuwepo: taa za LED juu, transista kwenye laptopu, simu ya kila mteja. MRI ya hospitali, ile mashine kubwa ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, nayo inasoma viini vya haidrojeni kwa kwantamu tupu, na ile sumaku yake hauishiki mkononi.

Nyota 2 kati ya 5, moja ya binti wa mapokezi na moja ya kiyoyozi. Dawa za 180,000 tulikataa. Kidani mjomba alikuwa keshalipa, nikakirudisha kesho yake, wakabisha kidogo halafu wakarudisha hela kwa simu, makato wakatuachia sisi. Goti tulilipeleka hospitali, likapigwa picha, kaambiwa limesagika kidogo, apunguze kubeba magunia.