Sufuria ya karafuu na maganda ya chungwa: wiki mbili za sikukuu bila kopo la kupuliza

Mama yangu ana pumu. Kila Desemba anapotoka Muheza kuja kula Krismasi kwangu Temeke, kitu cha kwanza anachofanya ni kusimama mlangoni na kunusa. Mwaka juzi nilikuwa nimepuliza nyumba nzima manukato ya kopo ili akute pananukia. Alifika sebuleni, kifua kikabana, akarudi barazani na kukaa huko mpaka saa mbili usiku, begi lake pembeni. Iliniuma sana. Udi na ubani navyo havimfai, maana kwake moshi ni moshi tu. Ndiyo maana safari hii, kuanzia tarehe 20 Desemba mpaka Mwaka Mpya umepita, nilichemsha viungo vya jikoni kila siku. Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, jiko la gesi, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya nyumba ya ukubwa huo.

Nianze na karafuu, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu funzo. Pakiti ya kwanza niliinunua duka moja la mjini kwa shilingi 2,000, imefungwa vizuri, ina kibandiko kinachong'aa. Nikachemsha saa nzima, nyumba ikanukia kama kuni zilizolowa. Jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Wete, alipita nikamwamkia, akaomba aione hiyo pakiti. Akaimwaga kwenye sinia na kuanza kuchambua kwa kidole.

"Mwanangu, hizi si karafuu. Nusu yake makonyo."

Konyo ni kile kikonyo kinachoshika kichala cha karafuu mtini. Karafuu yenyewe ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa likiwa bado limefumba kisha linaanikwa juani. Makonyo nayo yana mafuta, na Pemba hukamuliwa kiwandani, lakini mafuta yake ni machache mno ukilinganisha na ya karafuu, na mimi nilikuwa nimeyalipia kwa bei ya karafuu. Bibi akanionyesha namna ya kupima: minya kichwa cha karafuu kwa ukucha, uone kama kinatoa unyevu wa mafuta. Ukitaka uhakika zaidi, zitie chache kwenye glasi ya maji. Iliyo nzima huzama au husimama wima; iliyochoka hulala juu ya maji. Zangu zililala karibu zote.

Za pili nilinunua soko la Kisutu, kwa mama mmoja anayepima kwa kijiko kutoka kwenye ndoo yenye mfuniko. Fungu la shilingi 1,500 lilinitosha wiki zote mbili, na bado zimebaki. Hizo nazipa alama zote.

Sasa kipimo. Siku ya kwanza nilitia karafuu ishirini kwa tamaa, na mama akakohoa. Nikapunguza hadi nane, akakaa sebuleni jioni nzima akimenya vitunguu saumu vya pilau. Sisemi kwamba mvuke huu unatibu pumu, wala usimpe mgonjwa kama dawa; dawa yake ya kuvuta ilikuwa mfukoni mwake muda wote. Nasema tu kwamba kidogo kilimfaa na kingi kilimkera, hivyo anza na kidogo.

Mimi natia maji lita moja na nusu, karafuu nane, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole na maganda ya machungwa mawili. Yakishachemka napunguza moto mpaka maji yanatetema tu. Hapa ndipo wengi tunakosea, tunaacha yatokote kwa nguvu, harufu yote inatoka kwa robo saa halafu inabaki supu. Kwa moto mdogo inakwenda saa mbili, ukiongeza maji ya moto kila baada ya nusu saa. Na usitoke. Jioni ya tarehe 23 nilikwenda kumwogesha mtoto, nikarudi nikakuta maji yamekauka na maganda yameshika chini. Harufu ya kuungua ilikaa siku mbili. Wenye jiko la mkaa, tafadhali sana, msiliingize kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya harufu. Hewa ya mkaa inaua watu usingizini.

Maganda hayakunigharimu hata senti. Wauza machungwa wa barabarani humenya kwa kisu ganda jembamba la juu, na hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu mafuta yamo kwenye ngozi ya nje, ile nyama nyeupe haina kitu. Kijana wa kituoni alinijazia mfuko mzima akashangaa nakwenda nao wapi. Yaoshe vizuri. Usiogope rangi ya kijani pia, machungwa ya kwetu Muheza huiva yakiwa kijani, na ganda lake linanukia kuliko yale ya rangi nzuri yanayotoka nje.

Mdalasini upo wa aina mbili sokoni: mwembamba wenye tabaka nyingi, unaovunjika kwa mkono, na mnene mgumu wenye tabaka moja. Mwembamba uweke kwa chai. Kwa sufuria hii mnene una nguvu zaidi na ni rahisi bei.

Iliki tatu zilizopondwa zilitoa harufu ambayo mama aliisifu kuliko zote, ila kwa bei ya iliki nilichemsha mara moja tu, mkesha wa Krismasi. Mchaichai wa uani unanukia vizuri kwa dakika ishirini kisha unapotea. Unafaa baada ya kukaanga samaki. Vanila ya Bukoba niliyoletewa zawadi niliipasua nikaitumbukiza, na najuta. Karafuu iliifunika kabisa, ingekaa kwenye keki. Na lile chungwa linalochomekwa karafuu kuzunguka kama pambo, kwa unyevu wa Dar lilioza. Siku ya nne lilikuwa na ukungu mweupe.

Kasoro kubwa ya njia hii ni joto. Desemba yenyewe hapakaliki, na wewe unaongeza mvuke ndani. Nilizoea kuchemsha alfajiri na magharibi tu, halafu mchana naiweka sufuria iliyopoa dirishani upepo unapopita. Inanukia kidogo, lakini inanukia. Maji yaleyale hutumika siku mbili ukiyachemsha upya, siku ya tatu yanachacha, mwaga.

Tarehe 3 nilimsindikiza mama kituo cha basi. Karafuu za kiasi cha kijiko amezifunga kwenye pindo la kanga yake, na amenitaka nimtumie nyingine kabla ya Pasaka. Mama wa Kisutu yuko upande wa mboga, na ukienda nenda kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu ile ndoo ikiisha hajazi tena siku hiyo.