Tyubu za Tairi za Mbio za Udongo: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Tairi la mbio za magari kwenye uwanja wa udongo hukimbia na upepo kidogo sana. La nyuma kushoto mara nyingi huwekwa kati ya PSI (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) 6 na 12. Likiwa na PSI 10 likapoteza 2, moja ya tano ya presha imekwenda, mzingo wa tairi umebadilika, na tofauti yake na tairi la kulia si ile uliyoipima ulipoliandaa gari. Ndiyo maana watu hununua tyubu.

Kabla ya kutoa pesa, paka povu la sabuni tairi zima na rimu yake. Kama vipovu vinatoka kwenye valvu, badilisha valvu, umemaliza. Kama vinatoka kwenye maungio ya rimu ya vipande vitatu, au ubavu mwembamba wa tairi unatoa vipovu vidogo vidogo kama jasho, hapo tyubu ina kazi. Rimu iliyopinda si kazi ya tyubu. Upepo utakaa ndani, lakini tairi litaendelea kucheza ukingoni.

Nafasi ya kwanza: tyubu ya mbio ya butili, ya saizi ya tairi lako

Butili, mpira unaotengenezwa kiwandani, hushika upepo vizuri kuliko mpira wa asili, na kwa tairi linalokimbia na PSI 8 hilo ndilo jambo kubwa. Soma namba za tairi: 26.5/8.0-15 maana yake ni kimo cha inchi 26.5, upana wa inchi 8, rimu ya inchi 15. Tyubu iwe na namba ya rimu ileile, na upana ulioandikwa juu yake ulingane na wa tairi. Ikiwa kubwa itajikunja, na mkunjo husuguka hadi kutoboka. Ikiwa ndogo mno itavutika na kuwa nyembamba.

Hapa ndipo wengi hukosea: mahali pa valvu. Tyubu nyingine valvu yake iko katikati, nyingine iko pembeni, na rimu za mbio mara nyingi tundu lake liko upande mmoja. Valvu ya katikati ukiivuta hadi tundu la pembeni, tyubu inakaa ikiwa imejipinda, na shina huchanika pale linapoungana na mpira. Angalia na unene wa shina la valvu. Valvu ya TR13 ni ya tundu la milimita 11.5, TR15 ni ya milimita 16. TR13 kwenye tundu la 16 inahitaji bushi (kipete cha kujaza uwazi), la sivyo mpira hujisukuma kwenye uwazi na kukatwa na chuma.

Ya pili: tyubu ya butili ya gari dogo au pikapu

Inafaa, mradi saizi na valvu vimekubali. Kama tairi lako ni la radiali (nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo), tyubu nayo iwe imeandikwa kuwa ni ya radiali, kwa sababu ubavu wa tairi hilo hujikunja zaidi. Kasoro ni uzito. Ipime kwenye mizani kabla ya kununua. Uzito unaozunguka mbali na ekseli unausikia kila unapokanyaga mafuta.

Ya tatu: tyubu ya mpira wa asili

Ni laini, haichaniki upesi, na hukubali kiraka vizuri. Lakini hupoteza upepo, kwa hiyo pima presha kabla ya kila mbio. Tunaiweka ya tatu kwa sababu hiyo moja tu.

Hata hivyo, tyubu yenye viraka usiifunge kwenye gari la mbio; iache kwa toroli. Joto na msuguano huvibandua.

Magurudumu yasiyohitaji tyubu

Nyuma kulia, kwenye rimu nzima yenye pete ya kubana tairi, kimbia bila tyubu. Pete inaweza kuibana tyubu ukifunga bolti, na tairi lisilo na tyubu likichomwa mara nyingi huvuja polepole, wakati tyubu huweza kuachia upepo wote kwa mara moja. Jambo jingine: valvu ya kupunguza presha iliyofungwa kwenye tundu lake la rimu haifanyi kazi ukiweka tyubu, maana upepo uko ndani ya tyubu. Itoe, uzibe tundu, na kizibo kisichomoze ndani. Presha ya tairi lenye tyubu itapanda bila kupunguzwa: PSI 10 kwa nyuzi 20 za Selsiasi hufika karibu PSI 15 tairi likiwa nyuzi 80. Kwa hiyo anza chini zaidi.

Kufunga

Pitisha kitambaa ndani ya tairi; kikinasa, kuna waya au kokoto. Bandua kila stika, maana kona ya stika hukata tyubu kama wembe. Piga msasa mchomeleo wa rimu. Paka poda tyubu na ndani ya tairi, jaza upepo kidogo tu iwe duara, kisha ingiza. Ukingo upake sabuni ya tairi, kamwe si grisi wala oili, kwani huvimbisha mpira. Jaza hadi ukingo ukae, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Toa pini ya valvu, acha upepo wote utoke, jaza tena. Hatua hii ndiyo hunyoosha mikunjo, na wengi huiruka.

Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko, ili upepo ulionaswa kati ya tyubu na tairi utoke. Chora mstari wa rangi kutoka tairini hadi kwenye rimu. Baada ya kila mbio angalia mstari na valvu. Mstari ukiachana na shina likilala, tairi limezunguka kwenye rimu. Toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake na ukague shina la tyubu kabla gari halijaingia tena uwanjani.