Desktop Postflop: soliva ya bure iliyonibadilisha kwenye flopu ya kopa tupu

Nimeitumia hii soliva, yaani programu inayopiga hesabu ya namna bora ya kucheza mkono wa poka, kama miezi mitano sasa, naandika kwa ajili ya wale mnaocheza poka ambao flopu (karata tatu za kwanza za wote mezani) ikishuka zote za rangi moja mnabeti sawa na poti nzima (chipu zote zilizo katikati) ili kufukuza wenye flashi (karata tano za rangi moja). Mimi nlikua hivyo hivyo. Nina K ya shupaza na Q ya uru, flopu K, 8, 3 zote kopa, naweka poti nzima, na nikikoliwa (mtu akilipa beti yangu) karibu kila mara niko nyuma.

Ni ya bure kabisa, msimbo wake (code) uko wazi, unaishusha kwenye kompyuta unaiendesha. Unachora karata anazoweza kuwa nazo kila mchezaji (renji yake) kwenye jedwali la 13 kwa 13, unaweka poti, chipu na saizi za beti, unaiacha inapiga hesabu. Ipo na ndugu yake ya kwenye brauza, WASM Postflop, ila hiyo memori yake inaishia GB 4.

Nikaweka ile K, 8, 3 yangu, mimi nimereizi (nimepandisha dau) kwenye batani, nafasi ya mwisho kucheza, na aliyeko bigi blaindi, yule wa dau kubwa la lazima, kakoli. Aisee beti kubwa karibu haitumiki kabisa! Inabeti theluthi ya poti kwa karata nyingi sana, zingine inacheki (haibeti), na ile KQ yangu isiyo na kopa iko humo humo, mara beti ndogo mara cheki. Nilikaa nayo usiku mzima mpaka nikaelewa kwa nini. Kopa 10 zimebaki nje, zinatoa flashi 45 tofauti, na mpinzani wangu anazo nyingi tu kama mimi, sasa nikiweka poti nzima karibu wote ninaowapiga wanafoldi (wanatupa karata) wanabaki wanaonipiga, wakati asiye na kopa wala pea mara nyingi anafoldi hata kwa theluthi, kwahiyo zile chipu za ziada nlikua nazihatarisha bila kupata kitu.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni ree ya kopa. Ukiwa nayo peke yake, huna flashi, ila mpinzani hawezi kuwa na flashi kubwa kuliko zote, na zile 45 zinashuka mpaka 36, halafu una karibu 35% ya kuifikisha flashi yako kufika riva (karata ya mwisho). Ndo mana soliva inaipenda sana kwa blofu (kubeti bila mkono mzuri). Mimi nlikua naicheki naisubiria tu, yaani hela nyingi nimeiacha mezani.

Flopu za namna hii ni kama 5% tu ya flopu zote, lakini ndo zilikua zinanitafuna chipu kuliko zote.

Sasa mapungufu. Inafanya wachezaji wawili tu, meza ya watu watatu sahau, na kabla ya flopu haigusi, hizo renji ujipangie mwenyewe na ukizikosea majibu yote hayana maana. Maendelezo yake yalisimamishwa 2023 kwahiyo msitegemee vipya. Laptop yangu ya ramu 8 ilikua inazidiwa nikiweka saizi nyingi, nikabaki na mbili, asilimia 33 na 75 ya poti, inatosha kabisa. Kama mashine yako ni ndogo zaidi anza na ile ya brauza, na saizi chache za beti hivyo hivyo.