Akriliki ya ukungu ya dirisha la bafu: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Dada mmoja alinipigia simu siku ya tatu tangu nimfungie dirisha la bafu. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, dirisha limeangalia uani ambako wapangaji wote hupikia na kufulia. Nilikuwa nimemwekea akriliki ya ukungu, plastiki ngumu inayowekwa badala ya kioo, ya mili (milimita) tatu, nikamhakikishia kwamba haonekani mtu. "Fundi, njoo uone mwenyewe," akaniambia. Nilipofika alinisimamisha uani, akaingia ndani, akachota kopo la maji akalimwagia dirisha. Maji yalipopita, ukungu ukafutika. Niliona ndoo, kipande cha sabuni, hadi rangi ya taulo lililotundikwa mlangoni.

Iliniuma sana, maana mtu alikuwa ameniamini katika sitara yake. Shiti yenyewe, yaani lile bapa la akriliki, haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeigeuza: upande wenye mkwaruzo nimeuweka ndani, upande laini nje. Dirisha lile liko chini ya kibaraza, mvua hailifikii, kwa hiyo nililifungua, nikaligeuza, tatizo likaisha. Tangu hapo mteja akija kuuliza unene na bei, mimi huanza na jambo jingine: ukungu wa hiyo shiti uko wapi, juu ya ngozi yake au ndani ya mwili wake?

Wa juu ya ngozi ni vishimo vidogo mno ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja. Mwanga ukivigonga hutawanyika, na ndiyo maana unaona weupe. Maji au mafuta yakivijaza, mwanga hupita karibu moja kwa moja na shiti hurudia kuwa angavu. Wa ndani ya mwili ni chembe zilizochanganywa kiwandani kabla akriliki haijaganda. Huo haujali maji.

Ukiwa dukani, omba kipande na ubandue pembe ya karatasi ya kinga pande zote mbili. Lowesha kidole, kipitishe upande mmoja, kisha wa pili. Palipobaki alama angavu ndipo ulipo ukungu. Halafu laza kipande juu ya gazeti: maandishi yanasomeka kabisa. Kiinue taratibu uone yanapotea ukifika umbali gani. Kama ni vidole viwili, hiyo inaficha vizuri. Kama ni shubiri nzima na bado unasoma vichwa vya habari, usiipeleke bafuni.

Sasa nizipange, kwa mtu anayetafuta dirisha la bafu au kizuizi cha kuogea.

Ya kwanza kwangu ni akriliki ya kumimina (nitaieleza chini) yenye ukungu upande mmoja. Upande laini unautazamisha maji, na huo ndio rahisi kusugua povu na chokaa ya maji ya kisima. Upande wenye mkwaruzo unakaa pakavu. Inapitisha mwanga mwingi, bafu halihitaji taa mchana. Sharti lake ni moja tu: upande wa pili usinyeshewe. Kama dirisha lako halina kibaraza wala paa la kulikinga, mvua ya masika itakufanyia nje kile ambacho kopo la maji lilifanya ndani.

Kwa dirisha la namna hiyo, ya pili kwenye orodha yangu inapanda kuwa ya kwanza: akriliki nyeupe ya maziwa, ile wanayotumia watengeneza mabango kufunika taa. Weupe wake uko mwilini, kwa hiyo pande zote mbili zikilowa hakuna kinachobadilika. Gharama yake ni mwanga. Zipo zinazopitisha theluthi tu, zipo zinazopitisha zaidi ya nusu, kwa hiyo inyanyue juani dukani, weka mkono nyuma yake, ujionee kabla hujalipa.

Ya tatu ni yenye ukungu pande zote mbili. Nzuri sana kwa kabati, kwa kugawa ofisi, kwa kaunta, kwa sababu haimeremeti wala haionyeshi mikwaruzo midogo. Bafuni siipendi: upande wowote utakaougeuzia maji una ukungu utakaolowa, na uchafu hung'ang'ania.

Ya nne ni akriliki angavu ikabandikwa stika ya frosti, yaani stika yenye ukungu. Mpangaji asiyetaka kubadilisha dirisha la mwenye nyumba, hii inamfaa, hata juu ya kioo cha kawaida. Ibandikwe kwa maji ya sabuni na kukamuliwa mapovu, na kingo zake ziachwe mbali kidogo na fremu. Kingo zikianza kunyanyuka kwa unyevu, haina maisha tena.

Ya mwisho ni ile ambayo fundi ameisugua msasa au kuipiga mchanga mwenyewe. Mkwaruzo wake haulingani, mafuta ya vidole yanaingia na kuacha madoa, na ikipigwa kwa nguvu inabaki na mistari. Naikubali kwa herufi za mapambo. Kwa sitara ya mtu, hapana.

Nilitaja akriliki ya kumimina. Katika kutengeneza shiti, kuna kumimina na kuna kusukuma. Akriliki ya kumimina hugandishwa kati ya vioo viwili. Ya kusukuma hutolewa mashineni ikiwa moto, kama tambi inavyotoka kwenye kinu chake. Ya kumimina huvumilia zaidi kuchimbwa na kukatwa. Ya kusukuma huyeyuka na kunata kwenye msumeno, na ikiguswa na spiriti au tina (ya kuchanganyia rangi) karibu na tundu huota nyufa laini kama nywele. Lakini ina sifa moja: unene wake unalingana. Kwa hiyo ukipima shiti ya kumimina ukakuta imepungua kidogo kwenye pembe, si lazima muuzaji awe amekuibia.

Wizi wenyewe uko kwenye polistireni, plastiki nyingine inayouzwa kwa jina la akriliki. Inafanana nayo, ni nyepesi kidogo, na jua huifanya manjano na kuikausha mpaka inavunjika kwa kidole. Dondosha kipande kidogo sakafuni: polistireni hulia kama bati, akriliki hutoa mlio mzito. Ukichoma nje chembe ndogo ya takataka za kukatia, akriliki huwaka bila moshi mwingi na harufu yake ina utamu wa matunda. Polistireni hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka. Jaribio hilo linakuonyesha pia kwamba akriliki inashika moto, basi usiiweke karibu na jiko.

Unene: mili tatu inatosha dirisha dogo lililoshikwa na fremu pande nne. Kizuizi cha kuogea kianzie mili tano, na kama hakina fremu, zaidi ya hapo. Shiti nzima ya futi nne kwa nane ya mili tano ina karibu kilo 18. Kioo cha ukubwa huohuo kingekuwa kilo 37, na nati za bawaba zinaujua huo uzito.

Akriliki hutanuka. Kipande cha mita moja huongezeka karibu milimita moja joto likipanda nyuzi 15, kwa hiyo acha nafasi ndani ya fremu, na tundu la skrubu ya mili nne litobolewe mili sita. Tumia silikoni isiyonuka siki. Kusafisha ni maji, sabuni ya maji na kitambaa laini, bila spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia.

Taa nayo ina neno lake. Ikifungwa ukuta unaokabili dirisha, usiku kivuli cha anayeoga huangukia kwenye akriliki, na aliye uani huona umbo lote hata kama ukungu ni mzuri. Ifungwe juu ya dirisha lenyewe.

Na kabla fundi hajakata, lowesha kidole tena, hakikisha pande, kisha chukua kalamu nene uandike NDANI juu ya karatasi ya kinga ya upande laini. Karatasi hiyo ibanduliwe siku ya kufunga, isiachwe juani wiki nzima, maana gundi yake hukaukia hapohapo na kuitoa ni kazi ya kutwa.