Mto wa sponji wa mazoezi, miezi 5 baada ya operesheni ya goti

Jambo yenu wandugu. Leo niko Himbi, barazani kwetu hapa Goma, na huu ndio ule mto wa sponji wa kusimamia mguu mmoja mliokuwa mkiniulizia. Nimeutumia miezi 3. Wengi mnalijua goti langu la kushoto: ligamenti ya mbele, ile kamba ya ndani inayoshikanisha mifupa ya goti, ilikatika uwanjani, wakaniwekea nyingine waliyoitengeneza kwa kano za nyuma ya paja.

Tazameni kifundo nikipanda. Mnaona kinavyotetemeka? Sasa nashuka kwenye sima, hii sakafu ya saruji. Kimetulia. Juu ya sponji kigimbi hakipumziki, na misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, inakaza pamoja ili goti lisiyumbe. Ile ya nyuma inavuta mfupa wa muundi urudi nyuma, kwa hiyo inaipunguzia ligamenti mpya mzigo. Hapo mto nausifu.

Lakini muuzaji aliniambia nguvu zote zitarudi. Uongo! Baada ya operesheni, uvimbe na maumivu hufanya mishipa ya fahamu iufungie breki msuli wa mbele wa paja, nao unakonda hata kama unatembea kila siku. Kuuamsha kunataka uzito, na juu ya kitu kinachoyumba huwezi kusukuma kwa nguvu, maana nyingi zinaishia kwenye kujizuia usianguke. Mimi nilichuchumaa juu ya sponji mwezi mzima. Kine, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, akapima mapaja kwa utepe: la kushoto bado pungufu sentimita 2. Akanirudisha kwenye sima, mfuko wa mchanga begani.

Kuna anayeniandikia, "Goma yote ni makoro, haya mawe ya volkano, mto wa nini?" Ndugu yangu, makoro yanayumbisha kweli, ila jiwe halikuulizi kama uko tayari.

Nilijaribu pia kipande cha godoro cha soko la Virunga. Ukikikanyaga kinalala hadi chini, unakuwa umesimama kwenye sima tu. Huu ni mgumu, haujabonyea. Kasoro yake ni ngozi ya juu, inateleza ukitoka jasho.

Na msiniulize tena lini narudi kwenye mpira. Si kabla ya miezi 9, na mguu huu ufikishe walau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake.

Haya, napanda tena, sasa nafumba macho. Mama, niwekee kiti karibu.